Chini ya lami kuna mkuza

Machi 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliagiza ruzuku zilizokwishaahidiwa lakini hazijasainiwa zipitiwe upya, na miradi yenye njia za baiskeli ikatajwa miongoni mwa ile ya kuangaliwa kwa jicho kali. Julai mwaka huohuo, sheria kubwa ya bajeti ikarudisha hazina fedha ambazo hazijatumika za mpango ulioanzishwa mwaka 2022 kwa ajili ya kuunganisha vitongoji vilivyokatwa na barabara kuu. Tangu hapo mabishano hayajatulia. Wanaotetea njia za baiskeli wanasema watu wanahitaji mazoezi na vijiji vinahitaji watalii. Wanaozipinga wanasema mlipakodi hana sababu ya kugharimia starehe ya mtu mwingine. Nimeyafuatilia mabishano hayo nikiwa Columbus, Ohio, mji ninaoishi, na zinapotajwa njia za lami zilizolazwa juu ya reli za zamani huko mashambani, naona pande zote mbili zinagombea kifuniko na kukisahau chungu.

Hoja yangu ni hii: njia hizo, kabla ya kuwa mahali pa kuendeshea baiskeli, ni namna ya kutunza ardhi. Mali iliyomo si lami. Lami huja na kwenda. Mizizi huipasua, barafu ya majira ya baridi huiinua, na baada ya miaka kadhaa hubanduliwa ikalazwa nyingine. Mali ni mkuza wenyewe, yaani ule ukanda mwembamba, mara nyingi wa upana wa mita thelathini hivi, unaokwenda makumi ya kilomita kupita mashamba, mito na vijiji bila kukatika hata mahali pamoja. Ukanda wa namna hiyo ukikatika leo, vizazi vitatu vijavyo haviwezi kuuunga tena kwa bei inayolipika. Na katika walinzi wote wanaoweza kuwekwa juu yake, mwendesha baiskeli ndiye wa bei nafuu kuliko wote.

Tuanze na sababu ya ukanda huo kuwa adimu kiasi hicho. Treni ya mvuke ilikuwa haiwezi kilima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 walipasua vilima, wakajaza mabonde kwa matuta ya udongo, wakatoboa mahandaki na kujenga madaraja marefu, yote hayo ili njia isipande zaidi ya mita moja au mbili kwa kila mita mia. Treni zilipoondoka, mataruma na kokoto vikazolewa, kilichobaki kikawa njia ambayo hakuna mhandisi wa leo angepewa fedha za kuichonga kwa ajili ya baiskeli peke yake. Kutoka mji mdogo wa London, magharibi ya Columbus, hadi Xenia ni kilomita 47 hivi za lami, kupitia South Charleston na Cedarville. Kushoto na kulia ni mahindi na soya. Penye miti, matawi yamekutana juu na kufanya paa. Ghala la nafaka la kijiji kinachofuata huonekana mbali mno kabla hujalifikia, kwa sababu njia imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Niliipita Oktoba moja wakati wa mavuno, vumbi la mashine za kuvunia likielea juu ya mashamba. Uzuri wa mahali niliutarajia. Sikutarajia kwamba kwa saa tatu nzima nisingepanda mlima hata mmoja, wala kusikia lori likinipumulia kisogoni.

Xenia ni kituo cha kufikiria. Zamani reli kadhaa zilikutana pale. Leo njia za lami zinakutana palepale, kwenye jengo lililojengwa kwa sura ya stesheni ya zamani. Ukishika upande wa kusini unafuata njia ya Little Miami, ambayo kwa jumla ina urefu wa kilomita 125 hivi. Njia hizi zikiunganishwa na nyingine zinafanya ile ya Ohio to Erie, kilomita 525 kutoka Cincinnati kwenye mto Ohio hadi Cleveland kwenye ziwa Erie. Sehemu yake moja nayo imeingizwa katika mpango uliotangazwa mwaka 2019 wa kuunganisha njia za reli za zamani kutoka Washington, makao ya serikali, hadi jimbo la Washington kwenye bahari ya Pasifiki. Huo ni mwendo wa kilomita zipatazo 6,000, na zaidi ya nusu yake tayari inapitika. Wengi waliposikia habari hizi walidhani Marekani inajenga barabara mpya ya baiskeli toka pwani hadi pwani. Ukweli ni kwamba inaokota vipande vya mtandao iliokuwa nao.

Mtandao huo ulifikia kilele mwaka 1916, ukiwa na takriban kilomita 409,000 za njia. Kisha yakaja malori, yakaja magari ya watu binafsi, zikaja barabara kuu za serikali. Mwaka 1970 kampuni ya Penn Central, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa nchini, ikafilisika. Mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya Staggers iliyozilegezea kampuni za reli kamba za udhibiti, na matawi yasiyolipa yakazidi kufungwa. Hapo ndipo tatizo la ardhi lilipojitokeza. Mahali pengi kampuni ya reli haikuwa mwenye ardhi. Ilikuwa na haki ya kupita tu. Treni zikikoma, haki inakwisha, na kila mkulima anachukua kipande kilichopita shambani kwake. Njia ya kilomita 80 ikipita katika mashamba mia mbili inageuka vipande mia mbili. Mmoja atakilima, wa pili atajenga banda la mashine, wa tatu atauza udongo wa tuta. Jioni ya siku hiyo reli imekufa kwa namna ambayo hata kuondolewa kwa chuma hakukuiua.

Mwaka 1983 Bunge likaongeza kifungu katika sheria ya njia za taifa ya mwaka 1968. Kampuni inayotaka kuacha tawi inaweza kulikabidhi kwa kaunti, jimbo au chama kilicho tayari kulitunza kama njia ya kupita watu, na sheria italihesabu tawi hilo kuwa limesimamishwa kwa muda, halijatupwa. Siku reli ikihitajika, inarudi. Waamerika wanasema mkuza umewekwa benki, na safari hii usemi unalingana na jambo lenyewe. Mwaka 1990, katika kesi ya Preseault iliyotoka Vermont, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwa kauli moja kwamba Bunge lina uwezo wa kufanya hivyo, na ikasema mwenye ardhi anayeona amenyang'anywa aende kudai fidia. Si kila njia imepitia mlango huu; nyingine zilinunuliwa moja kwa moja kutoka kwa kampuni. Lakini kwa zile zilizopitia, mwendesha baiskeli hakuirithi reli. Ni kama ndugu aliyewekwa nyumbani ili paa lisianguke wakati mwenyewe yuko safarini.

Sasa wapinzani. Wenye hoja nzito kuliko wote ni wenye mashamba, na sipendi jinsi wanavyobezwa na watu wa mijini. Babu wa mtu alitoa ruhusa treni ipite. Hakutoa ruhusa wageni wapite nyuma ya jiko lake kila Jumamosi. Mwaka 2014, katika kesi ya Brandt iliyotoka Wyoming, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba kwenye mikuza iliyotolewa chini ya sheria ya mwaka 1875, reli ikishatelekezwa, haki ya kupita imekwisha na ardhi ni ya mwenye shamba. Watu wa baiskeli waliomboleza. Mimi naona hukumu ile ilisema jambo la kweli: ahadi iliyoandikwa inasomwa kama ilivyoandikwa. Jibu la haki kwa mkulima ni fidia, tena ilipwe mapema, badala ya kumsubirisha mahakamani kwa miaka mingi. Pale ambapo pamechelewa kulipwa, watetezi wa njia hizi wasingoje mkulima awapende. Gharama ya fidia ingehesabiwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya gharama ya mradi, kama daraja na lami zinavyohesabiwa.

Tena swali la nani alinyang'anywa haliishii kwa mkulima. Kaskazini ya Idaho kuna njia ya lami ya kilomita 117 hivi iitwayo Trail of the Coeur d'Alenes, iliyokamilika mwaka 2004. Reli yake ilihudumia migodi ya madini ya fedha na risasi, na kwa miaka mingi ilimwaga sumu ya madini kwenye tuta na kando yake, hadi ndani ya ardhi ya kabila la Coeur d'Alene. Lami ya pale haikuwekwa ili matairi yateleze vizuri. Iliwekwa kama kifuniko cha kuzuia udongo wenye risasi usiinuke. Kampuni ya Union Pacific iligharimia kazi hiyo katika makubaliano ya usafishaji na serikali na kabila lenyewe, na leo kabila na jimbo la Idaho wanaitunza njia pamoja. Kandokando yake kuna mabango yanayowaambia wapitaji wakae kwenye lami na wanawe mikono kabla ya kula. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba njia hizi zinabeba historia ya ardhi, nzuri na mbaya, na kwamba kuziita viwanja vya michezo ni kuzisoma nusu.

Kundi la pili ni wapenzi wa reli, na hoja yao inaniuma kwa sababu nami ningependa treni zirudi. Wanasema: sheria inaruhusu reli irudi, lakini watu wakishazoea kutembea na watoto wao pale, nani atakubali treni ya mizigo? Wana ushahidi. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, ugomvi wa miaka mingi kati ya wanaotaka treni ya watalii na wanaotaka njia ulimalizika kwa reli kung'olewa kati ya Lake Placid na Tupper Lake. Ni kweli pia kwamba mikuza iliyowekwa benki ikarudishiwa reli ni michache. Hata hivyo hoja hii inalinganisha njia na treni, wakati chaguo lililokuwa mezani mara nyingi lilikuwa njia au mahindi. Mkuza uliolimwa haurudishi treni kamwe. Na si lazima kimoja kimfukuze mwenzake: magharibi ya Columbus, njia ya Camp Chase inakwenda sambamba na reli ambayo bado inatumika kwa mizigo, na unaweza kuendesha baiskeli huku injini ikikokota mabehewa upande wa pili. Ireland nako, upande wa magharibi, kulikuwa na mvutano mrefu kuhusu tawi la Athenry hadi Claremorris, wengine wakitaka njia ya baiskeli, wengine wakitaka treni. Julai 2024 mapitio ya reli ya kisiwa chote yakapendekeza treni irudi. Magazeti yaliandika habari za washindi na walioshindwa. Mimi nilichokisoma ni kwamba swali liliweza kuulizwa kwa sababu mkuza ulikuwa bado mikononi mwa umma.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba hizi ni starehe za wenye nacho, na anayetaka kuendesha baiskeli atumie barabara kama watu wengine. Anayesema hivyo ajaribu barabara ya kaunti huko Ohio, ambako kikomo cha kawaida cha mwendo nje ya mji ni kilomita 88 kwa saa na kando ya lami hakuna hata nusu mita ya kukimbilia. Halafu aende Holmes, kaunti yenye mojawapo ya makazi makubwa kabisa ya Waamishi duniani, watu ambao kwa imani yao hawamiliki magari. Reli ya zamani kati ya Fredericksburg na Killbuck imegawanywa mara mbili kwa urefu wake: upande mmoja lami laini ya baiskeli, upande wa pili lami ya kokoto kwa ajili ya kwato na magurudumu ya vigari vya farasi. Wanawake huenda dukani Millersburg kwa njia hiyo, vijana huenda kazini, wengine siku hizi kwa baiskeli za umeme. Vigari vya farasi kugongwa na magari kwenye barabara za kawaida ni msiba unaojulikana sana katika kaunti hiyo. Kwa watu hawa njia ya reli ya zamani ndiyo barabara. Msomaji wa Shinyanga au Kisumu, aliyezoea kuona baiskeli ikibeba gunia la mkaa, mkungu wa ndizi au abiria, ataelewa jambo hili upesi kuliko wabunge wengi wa hapa.

Lakini nao watetezi wapunguze chumvi. Wanapenda kutaja Lanesboro, Minnesota, kijiji cha watu wasiofika elfu moja kilichopata uhai mpya baada ya njia ya lami ya Root River kupita katikati yake. Leo kina nyumba za wageni, mikahawa na hata jumba la maigizo. Ni kweli, na inafurahisha. Ila Lanesboro ina majabali, mto na majengo ya karne ya 19 ambayo hayakubomolewa. Kijiji kilicho katikati ya tambarare ya soya, duka lake la mwisho likiwa limefungwa, hakitaokolewa na watu wanaosimama kujaza chupa ya maji. Ukimwahidi diwani wa kijiji hicho watalii, na watalii wasije, umempa hoja ya kuutupa mkuza. Angeambiwa ukweli tangu mwanzo: tunatunza ukanda, kwa sasa watu wako watautumia kwenda shule, kliniki na kijiji jirani, na kesho unaweza kuhitajika kwa jambo ambalo hatujalijua.

Mambo ya kesho yenyewe yameanza kuonekana. Virginia kuna njia ya lami ya Washington and Old Dominion, kilomita 72 kutoka viungani mwa Washington hadi Purcellville. Reli ilipofungwa mwaka 1968, kampuni ya umeme iliununua mkuza, na leo nyaya za msongo mkubwa zinapita juu ya vichwa vya waendesha baiskeli. Ulaya kuna Vennbahn, kilomita 125 za lami kupitia Ujerumani, Ubelgiji na Luxembourg. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukanda wa reli hiyo ulipewa Ubelgiji hata pale unapopita upande wa Ujerumani, na vipande vya Ujerumani vikaachwa kama visiwa ng'ambo ya pili. Treni zimekoma, mpaka umebaki palepale. Mtu anayepita huko kwa baiskeli anapita juu ya tuta ambalo ni nchi nyingine kwa upana wa mita chache. Mkuza uliishi muda mrefu kuliko treni iliyouzaa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mtanzania anaujua mkuza wa reli kwa alama ya X nyekundu ukutani, na anajua uchungu wake. Reli ya kisasa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, na Kenya iliizindua ya kwake kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Kila penye reli mpya kuna swali la zile za zamani. Baadhi zimefufuliwa, kama ile ya Tanga hadi Moshi na Arusha, na ufufuo huo uliwezekana kwa sababu tuta na madaraja vilikuwa bado vipo. Nyingine, kama tawi la Voi hadi Taveta lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zililala miaka mingi huku watu wakizipita kwa miguu, kwani mguu hautafuti kibali pale ambapo njia imekwishanyooshwa.

Sisemi tuige lami ya Ohio. Fedha zetu zina kazi nyingine, na kwa mwanzo udongo ulioshindiliwa vizuri, wenye mitaro, unatosha kupitisha baiskeli ya maziwa na mwanafunzi anayewahi shule. Ninachotamani tuige ni ile sheria ya mwaka 1983: kwamba tawi la reli linaposimama, siku hiyohiyo liwe na mtunzaji aliyetajwa kwa maandishi, halmashauri au kijiji, na matumizi ya kila siku yanayowafanya wakazi waone faida ya kutoligawa. Walio jirani waambiwe mapema nini ni chao na nini si chao, kabla hawajaweka msingi wa nyumba, ili ile X isije kupakwa juu ya ukuta uliokwisha kupigwa ripu.

Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga hazikustawi, treni hazikupata mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Hakuna aliyepewa mkuza autunze; mashamba na mikorosho vikachukua nafasi yake. Leo Tanzania ina mpango wa kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwa ajili ya chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wapima ardhi wanaotoka bandarini Mtwara kuelekea magharibi watahesabu mikorosho mmoja mmoja, na kila mmoja una bei yake.